SHIKA NJIA YAKO: KAIZARI AENDE AU AKAE?

Juma hili twaenda Roma, wala hakuna nauli. Mchezo wetu ni Juliasi Kaizari, alioutunga Shakespeare wa Uingereza mwaka 1599. Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, ukatolewa mwaka 1963 alipokuwa Rais wa Tanganyika. Fikirini: mtu ana nchi nzima mabegani, na bado anapata saa ya kumtafutia Brutus maneno!

Kuchagua njia katika michezo ya kale hatukubuni sisi. Ryan North, mwandishi wa Kanada, alitoa mwaka 2013 kitabu cha Hamlet kilichokatwa vipande vipande. Msomaji huwa Hamlet, au Ophelia, au hata mzimu wa mfalme, na kila mara huulizwa: Haya, wafanyaje sasa? Nasi tufanye vivyo hivyo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wanyoshe mikono. Kura zikilingana, mama mwenye nyumba aamue, maana ndiye mwenye mwiko.

FUNGU LA 1. Wewe ni Kaizari. Ni alfajiri ya tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Mpiga ramli alikwisha kukuonya juu ya siku hii. Mkeo Calpurnia ameota sanamu yako ikitoka damu, na Warumi wakinawa humo huku wakicheka. Anakusihi usitoke. Ukikaa nyumbani, nenda fungu la 2. Ukitoka, nenda la 3.

FUNGU LA 2. Umekaa. Vizuri! Unakula, unalala, na watu wenye visu chini ya nguo wanatokwa jasho bure huko barazani. Lakini kumbe, Decius amefika mlangoni! Anasema ndoto ile ni njema, tena leo wazee wa baraza watakupa taji. Je, watasemaje wakisikia umezuiwa na ndoto ya mke? Ukimwambia, “Rudi ulikotoka,” mchezo umekwisha, na waliolipa kiingilio wanadai fedha zao. Ukiona sifa zake tamu kama asali, nenda fungu la 3.

FUNGU LA 3. Uko njiani. Artemidorus anakupa barua, anakuomba uisome upesi kwa kuwa inakuhusu wewe mwenyewe. Ukiisoma, nenda fungu la 4. Ukijibu kwa maringo kwamba mambo yako wewe ni ya mwisho, nenda la 5.

FUNGU LA 4. Umesoma. Ndani mna majina manane ya watu wa kujihadhari nao, na la kwanza ni la rafiki yako Brutus. Unageuka, unarudi nyumbani mbio, nguo umeishika mkononi. Enyi watoto mnaokimbia kitabu, mmeona? Dakika moja ya kusoma imemponya mtu.

FUNGU LA 5. Pole, umekufa. Waandishi wa kale walihesabu majeraha 23. Katika mchezo yametajwa 33. Ndivyo habari inavyonenepa njiani, hata ile itokayo sokoni Mabamba kwenda Kibondo. Lakini usifunge gazeti. Sasa wewe ni mmoja wa watu uwanjani. Brutus amehutubu, mkashangilia. Antony amehutubu, mkalia, kisha mkashika moto kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Twende fungu la 6.

FUNGU LA 6. Mnakutana na mtu peke yake. Jina lake nani? Cinna. Loo! Mmoja wa wauaji naye ni Cinna. Huyu anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mtunga mashairi, hamjui hata huyo mwingine. Mmoja wenu anajibu: Basi na afe kwa sababu mashairi yake ni mabaya! Watu wanacheka. Ukicheka nao, nenda fungu la 7. Ukisema “Ngojeni,” nenda la 8.

FUNGU LA 7. Wamemrarua. Kesho kila mmoja atasema alikuwa nyuma, hakuona kitu. Nawe je?

FUNGU LA 8. Umesema “Ngojeni.” Mmoja anakutukana, mwingine anakusukuma, lakini wawili wamenyamaza, wanatazamana. Hao wawili ndio unaowahitaji. Mmeshika mkono wa mtu huyu, mnampeleka kwa mwenye mamlaka aulizwe.

Basi, wapenzi, fungu hilo la 8 halimo kwa Shakespeare. Katika mchezo wake hakuna aliyesema “Ngojeni,” na Cinna alipotea kwa sababu ya jina tu. Nasi tunazijua kelele hizo. Mtu akipiga yowe “Mwizi!” au “Mchawi!”, mawe huokotwa kabla ya swali la kwanza. Hapo hakuna wa kukusomea mafungu wala wa kuhesabu mikono. Na aliyekufa harudishwi fungu la 1. Kwa hiyo jizoezeni leo, hapo mekoni. Kila mmoja, baba, mama na watoto, aseme neno hilo kwa sauti kubwa: Ngojeni! Mtoto akilisema vizuri kuliko baba yake, apewe kipande kikubwa cha muhogo.

Juma lijalo ni Mabepari wa Venisi, ambao Mwalimu aliwatoa mwaka 1969. Humo mna makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi, na anayechagua vizuri anapata mke. Anzeni kubishana.