Mimba changa na dawa ya malaria: woga wa zamani, mwongozo mpya

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alikuwa na mimba ya miezi miwili, homa ikamshika. Kwenye kituo cha afya walimchoma kidole, wakaona malaria, halafu wakamrudisha nyumbani na parasetamol tu, juu mimba ilikuwa bado changa kwa dawa. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka, kusimama kumemshinda. Tukamrudisha, safari hii akatunzwa vizuri. Alipona, na mtoto yuko. Lakini mimi nilibaki na swali: kati ya dawa na ile malaria tuliyoiacha itembee mwilini siku tatu, kipi kilikuwa hatari zaidi?

Ni swali ambalo wamama wanatuuliza karibu kila tukifungua simu kwa kipindi cha afya. Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, sawa vile ni siri. Na jibu lake limebadilika, ila habari hiyo haijafika kila mahali.

Kwa miaka mingi, mama mwenye mimba ya chini ya miezi mitatu aliandikiwa kinini siku saba. Dawa za sasa, zile zinazochanganywa na artemisinini, zilikatazwa kwa miezi hiyo ya kwanza. Sababu ilikuwepo: wataalamu walizijaribu kwa wanyama, panya na sungura, wakaona mimba zinaharibika. Kwa binadamu hakuna aliyetaka kujaribu, na hiyo inaeleweka. Ila maisha hayangoji wataalamu. Kuna wamama wengi waliomeza dawa hizo bila kujua kama wana mimba, katika Afrika na Asia. Watafiti wakafuatilia mimba hizo zilivyoisha, wakakusanya habari za mimba zaidi ya 34,000, na katika hizo zaidi ya 700 mama alikuwa amemeza dawa yenye artemisinini katika miezi mitatu ya kwanza. Mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa na kasoro hawakuwa wengi kuliko kwa wamama waliopewa kinini na dawa zingine. Kwa ile inayoitwa artemeter-lumefantrini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Coartem, matokeo yalikuwa hata mazuri kuliko ya kinini.

Ndiyo maana Novemba 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliandika upya mwongozo wake: mama mwenye malaria ya kawaida katika miezi mitatu ya kwanza apewe artemeter-lumefantrini. Pale ambapo hiyo haipo, mchanganyiko wa artesunati na amodiakini unaweza kufikiriwa, ingawa habari zake kwa miezi hiyo bado ni chache. Ule wenye pironaridini haushauriwi kwa mimba changa. Kuanzia mwezi wa nne, dawa za artemisinini zilikuwa zimeruhusiwa tangu zamani. Na malaria kali, ile ya kupoteza fahamu, degedege au kutapika kila kitu, ni sindano ya artesunati bila kuhesabu miezi.

Wanaobishana sokoni wanasema kinini inatosha mimba. Kwa kipimo cha muganga, kinini haijaonekana kutosha mimba. Kinachoitosha mara nyingi ni malaria yenyewe na homa yake kali. Shida za kinini ni zingine: inashusha sukari katika damu, hasa kwa mama mjamzito, masikio yanalia, na siku saba za uchungu ule wengi hawazimalizi. Mtu anameza siku mbili, anajisikia nafuu, anaacha. Artemeter-lumefantrini ni siku tatu, mara mbili kwa siku, vidonge vinne vinne kwa mtu mzima, vyote 24. Inaingia vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta: avoka, karanga, sombe yenye mawese. Ukiimeza na chai kavu, sehemu ya dawa inapotea.

Halafu kuna Fansidar, na hapa ndipo mchanganyiko wa mawazo unakuwa mkubwa. Vidonge vitatu wanavyokupa kwa CPN, mbele ya muuguzi, ni vya kuzuia malaria, hata kama hausikii kitu. Vinaanza kuanzia mwezi wa nne, vinarudiwa kila CPN, ikipita angalau mwezi mmoja kati ya mara na mara, na lengo ni mara tatu au zaidi mpaka kuzaa. Mama anavikataa kwa sababu hana homa. Mama mwingine ana homa, anapita farmasi ya jirani, anauziwa vidonge vitatu vya Fansidar kama matibabu. Wote wawili wamekosea njia. Huku mashariki mwa Kongo vijidudu vingi vimeizoea Fansidar, na kutegemea hiyo kwa kutibu ni kupoteza muda. Ila kwa kuzuia bado inasaidia mtoto azaliwe na kilo zinazofaa.

Ziko hali mbili ambazo mama anapaswa kusema mwenyewe, asingoje kuulizwa. Kama anakunywa Bactrim kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi, Fansidar asipewe, dawa hizo hazikai pamoja. Na kama anakunywa asidi foliki ya kuongeza damu, aangalie kipimo. Fansidar inaua kijidudu kwa kukinyima chakula cha aina hiyo. Asidi foliki ya miligramu 5, ambayo farmasi zetu nyingi zinauza, inakirudishia. Ile ndogo ya miligramu 0.4, inayotolewa pamoja na chuma, haina neno.

Wengine wataniuliza kuhusu mubirizi na chai ya artemisia. Najua zinakunywewa, hata kwetu nyumbani. Lakini OMS haishauri artemisia ya kuchemsha, juu hakuna anayejua kikombe kimoja kina dawa kiasi gani, na kwa mama mjamzito kipimo ndicho kila kitu.

Nikirudi kwa malaria yenyewe: katika mimba, vijidudu vinajificha ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza kutembea, kulima, kuuza, bila homa, na huku mtoto anapungukiwa chakula na mama anaishiwa damu. Mimba ya kwanza ndiyo inaumia zaidi. Na hatari ni kubwa kwa wale waliotoka milimani, Lubero, Masisi au Hauts-Plateaux, vita vikawashusha mpaka kwenye joto la bonde la Ruzizi au msitu wa Mambasa. Kule juu mbu ni wachache, mwili haukuzoea. Mama mhamiaji ambaye CPN yake imekatika anaingia malaria bila kinga yoyote.

Na CPN nyingi zimekatika. Goma ilibadilisha mikono Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, barabara za kupeleka dawa zikawa za kubahatisha. Mwezi huohuo wa Januari serikali ya Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, nayo ndiyo ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya kazi ya malaria katika majimbo kama Kivu ya Kusini na Tanganyika. Dawa ikikosekana kituoni, mama anaenda kwa muuzaji wa kutembea, mwenye kibegi, dawa imeshinda juani, kifungashio kimefutika tarehe. Kwa maoni yangu hapo ndipo usalama wa dawa unavunjika kweli.

Kwa hiyo wakuu wa maeneo ya afya wanaotusoma, tunawauliza wazi: waganga na wauguzi wenu wa vituo vya mbali wamepewa mwongozo wa 2022? Mama wa miezi miwili akipimwa leo akakutwa na malaria, anatoka na nini mkononi? Majibu yenu tutayasoma katika kipindi cha afya. Na wewe mama, ukirudishwa na parasetamol peke yake huku kipimo kimeonyesha malaria, usiende kulala. Rudi umuulize muuguzi huyohuyo kuhusu artemeter-lumefantrini, au nenda kituo cha pili siku hiyohiyo, kabla giza halijaingia.