KUJIHESHIMU KWA KWELI

Wanafunzi wenzangu, wako baadhi yetu wanaoona haya kusema kwamba mama zao huuza ndizi katika soko la Kilombero. Hudhani kwamba heshima ya mtu ni viatu vipya na kusema Kiingereza cha puani. Mimi sikubaliani nao.

Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza madai yao. Hakurudi na ardhi, wala heshima yake haikupungua kwa sababu hiyo. Alikuwa mjumbe wa wakulima, na hilo ndilo lililompa haki ya kusema.

Mkataa kwao ni mtumwa. Basi, siku ya wazazi, mama akija na kanga yake na vumbi la sokoni miguuni, tumlaki langoni, tumpokee mzigo, na tumjulishe kwa walimu wetu.