Shika Kimoja, Sogeza Kingine
Wapo vijana wa Kasulu na Kibondo wanaofika chuo kikuu wakababaishwa na derivativu za sehemu, kumbe mashamba ya maharage ya kwao yanaeleza jambo lenyewe. Mavuno hutegemea mvua na mbolea. Ukitaka kupima mchango wa mbolea, chukulia mvua haibadiliki. Ndivyo ilivyo kwa z = x²y: ukishika y na kusogeza x, unapata derivativu ya sehemu 2xy; ukishika x na kusogeza y, unapata x². Alama ya derivativu hizi, ∂, aliitumia mwanahisabati Legendre mwaka 1786, na mwenzake Jacobi akaifufua mwaka 1841. Walimu, anzeni na maana, kanuni zifuate. Aliyekariri kanuni tupu atafaulu mtihani, lakini hatamwambia mkulima kama mfuko wa pili wa mbolea utamlipa.