Shahidi Asiyeitwa

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa na kukosa pumzi katika jukwaa la uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Waliokufa ni 97, wa mwisho wao mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Wapenzi wa timu hiyo huku kwetu wanaijua namba hiyo. Lililo muhimu kwetu leo ni uamuzi mmoja uliowafungia mashahidi mlango kwa zaidi ya miaka 20.

Dkt. Stefan Popper, aliyeongoza uchunguzi wa kisheria wa vifo hivyo, aliamua kwamba hatasikiliza ushahidi wa mambo yaliyotokea baada ya saa tisa na robo alasiri. Alisema kufikia dakika hiyo wote walikuwa wameshapata madhara yasiyoponyeka. Basi maswali kuhusu polisi walifanya nini, magari ya wagonjwa yalikuwa wapi, na nani angeweza kuokolewa, yakabaki nje. Polisi mmoja wa akiba alikuwa ameeleza kwamba mvulana wa miaka 15 aliyemhudumia alikuwa hai hadi karibu saa kumi. Hakuitwa. Machi 1991 jopo la raia likatoa jibu: ajali.

Familia sita zikaenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi huo upitiwe. Mwaka 1993 zikashindwa. Katika mapitio, jaji haulizi kama yeye angeamua vingine. Anauliza kama mchunguzi amevunja sheria, au ameamua jambo ambalo mtu yeyote makini asingeliamua. Katika kuchagua mashahidi, mchunguzi ameachiwa uwanja mpana mno.

Tunaelewa kwa nini. Uchunguzi wa kifo si kesi ya jinai, na kumwita kila aliyekuwepo uwanjani kungechukua miaka. Lakini kumwacha shahidi wa kumi anayerudia ya wale tisa ni jambo moja; kukata kipande kizima cha siku, pamoja na wote walioona kilichotokea humo, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili majaji walipaswa kulikagua kwa jicho kali.

Gharama yake inajulikana. Mwaka 2012 jopo huru lilipitia nyaraka na kuona kwamba watu 41 huenda wangekuwa na nafasi ya kupona. Desemba mwaka huohuo, kwa maombi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ikafuta matokeo ya kwanza. Uchunguzi mpya ukafanyika Warrington kwa miaka miwili, na Aprili 2016 jopo la raia likasema waliokuwa wamekufa kufikia wakati huo waliuawa isivyo halali, mashabiki hawakuwa na kosa, na polisi na huduma ya magari ya wagonjwa walikosea hata baada ya msongamano kutokea. Wakati huo wazazi kadhaa walikuwa wameshazikwa.

Uingereza imesogea tangu uamuzi wa 1993. Kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, kifo kinachoweza kuihusu dola kinadai uchunguzi wa kina zaidi. Hata hivyo ombi la mapitio linatakiwa lifikishwe mahakamani upesi, ndani ya miezi mitatu, na familia iliyo msibani ndiyo inayopaswa kutafuta wakili na ada ndani ya muda huo.

Sheria za uchunguzi wa vifo za Kenya na Tanzania zina mizizi hukohuko, na kwetu kwa kawaida hakimu ndiye anayeamua nani aitwe. Tunataka hakimu anayemkataa shahidi aliyeombwa na familia aandike sababu zake, na familia izipate kabla uchunguzi haujafungwa, wakati Mahakama Kuu bado inaweza kuamuru shahidi huyo aletwe kizimbani.