Usingizi wa Jicho Moja

Juma hili nimeazimia kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kuamka mara kwa mara usiku. Aliyenitia katika mazungumzo haya ni mkulima mmoja wa upande wa Sagalla, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye shamba lake liko chini ya mlima, kando ya pori wapitapo ndovu.

“Mwanangu,” aliniambia, “mahindi nimekwisha vuna, pojo nimekwisha piga, na ndovu wamekwenda zao. Lakini kila usiku naamka saa sita, naamka saa nane, naamka tena saa kumi. Natoka nje na tochi, naizunguka nyumba, sioni kitu. Nikirudi kitandani usingizi hauji. Majuzi nilisinzia juu ya baiskeli katika barabara ya Mombasa, na lori likanipita karibu sana. Jirani yangu asema nimerogwa. Wewe wasemaje?”

Nilimjibu hivi: “Mzee wangu, hapana aliyekuroga. Mwili wako umefundishwa kazi ya ulinzi, nao haujapata habari kwamba kazi hiyo imekwisha.”

Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, yafaa nieleze kidogo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, ambazo ziliwekwa mwaka 1948. Hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 ilikuta ndovu karibu 15,000 katika eneo lote la Tsavo. Mvua za vuli zikiisha na mahindi yakianza kukomaa, ndovu hawa huyasikia kwa harufu kutoka mbali, nao hupenda kuja usiku. Kundi moja laweza kumaliza kwa saa chache chakula cha nyumba nzima cha miezi mingi. Kwa hiyo wakulima wa Sagalla, Kasigau, Mwatate na Taveta hupanda juu ya madungu, wakawasha moto, wakapiga madebe na kukesha hadi alfajiri. Anayelala hulala kwa jicho moja.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa, simba wawili waliwala vibarua kwenye mto wa Tsavo kwa muda wa miezi mingi, mpaka walipouawa mwezi wa Desemba. Vibarua wale walilala juu ya miti na juu ya matangi ya maji, kila mmoja akitega sikio. Nchi hii imewakesha watu tangu zamani.

Sasa tuutazame usingizi wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye afya hulala kama gogo toka jioni hata asubuhi. Sivyo. Usingizi huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua kama saa moja na nusu. Mwanzo wa usiku usingizi ni mzito. Karibu na mapambazuko ni mwepesi wenye ndoto nyingi. Kati ya mzunguko na mzunguko mtu huamka kidogo, akajigeuza, akalala tena, wala asubuhi hakumbuki. Basi kuamka kwenyewe si ugonjwa. Taabu huanza pale mtu anapoamka na moyo ukamwenda mbio, akili ikauliza, “Wamekuja?” Aliyekesha miezi mitatu kila mwaka, miaka ishirini, huuliza swali hilo hata pasipo ndovu. Na kadiri tunavyozidi umri, usingizi mzito hupungua, hata sauti ya tawi likivunjika yatosha kutuamsha.

Dawa yake, basi, ina sehemu mbili: kwanza kuugawa ulinzi wakati wa hatari, na pili kuufundisha mwili upya hatari ikiisha.

Katika habari ya ulinzi, haifai kabisa mtu mmoja kukesha peke yake usiku kucha. Majirani na wakubaliane zamu. Wawili walinde toka saa mbili usiku hata saa saba, na wawili wengine toka saa saba hata kupambazuke. Aliye katika zamu ya pili alale mapema, tena alale kweli, maana amemwachia mwenzake kazi. Saa tano za usingizi usiokatika zafaa kuliko saa nane za kushtuka-shtuka. Mchana, aliyekesha apumzike kwa dakika ishirini au thelathini kabla ya saa tisa. Akilala mpaka jioni ataukosa usingizi wa usiku. Tena wawili ni salama kuliko mmoja: ndovu akija, wasimkaribie, bali waite watu na kuwapasha habari askari wa wanyamapori.

Hapa Sagalla kuna msaada mwingine, ambao sasa umejulikana hata nchi za mbali, nao ni nyuki. Mtaalamu Lucy King na wenzake walichunguza wakaona kwamba ndovu, kwa ukubwa wake wote, humwogopa nyuki, kwa kuwa humuuma machoni na ndani ya mkonga. Wakashirikiana na wakulima kutundika mizinga kuzunguka mashamba, mmoja kila baada ya meta kumi, mzinga wa kweli kisha wa bandia, yote ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Katika miaka ya uchunguzi, ndovu wengi walioukaribia uzio huo waligeuka wakarudi. Asali nayo huuzwa. Lakini tusidanganyane: ukame ukizidi, nyuki huhama kwa kukosa maua na maji, na mizinga mitupu haitishi kama ile yenye nyuki. Basi uzio wa nyuki haumwondoi mlinzi. Humpunguzia mzigo, akapata kufumba macho yote mawili.

Sehemu ya pili ni kuufundisha mwili. Hayo ndiyo niliyomwambia mzee wangu, nami nawaambieni nanyi.

Kwanza, amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kisha utoke ukaone jua la asubuhi. Mwili hujua saa zake kwa mwanga.

Pili, usiende kitandani mpaka usingizi umekushika. Mwenye kulala saa mbili usiku kwa kuwa giza limeingia, asistaajabu akiamka saa nane.

Tatu, ukiamka usiku usitazame saa wala simu. Kuhesabu saa zilizobaki ni kuuita wasiwasi ukae nawe. Ukiona dakika kama ishirini zimepita nawe u macho, ondoka kitandani, ukae mahali penye mwanga hafifu, ufanye kazi nyepesi ya mikono au usali, mpaka usingizi urudi. Kitanda na kiwe mahali pa kulala, si mahali pa kuhangaika.

Nne, usitoke na tochi kama hujasikia kitu. Hili lilikuwa gumu kwa mzee wangu. Lakini kila anapotoka na kuzunguka nyumba, mwili wake hupata somo kwamba saa nane ni saa ya zamu. Nilimshauri aizunguke nyumba mara moja, kabla ya kulala, aukague mlango wa ghala, amfungue mbwa, kisha aseme, “Kazi ya leo imekwisha.”

Tano, chai ya rangi, kahawa na miraa ziishe adhuhuri. Nguvu ya kahawa hukaa mwilini saa nyingi. Ile uliyokunywa saa kumi na moja jioni ingali imo ndani yako wakati wa kulala. Mnazi na mbangara humlaza mtu upesi, kweli, lakini humwamsha katikati ya usiku kwa kiu na haja ndogo. Maji nayo yanywe mchana kwa wingi, usiku kidogo.

Wenzetu wa mjini Voi, makarani na wenye maduka, wasidhani haya ni ya wakulima tu. Huko ndovu ni malori ya barabara kuu, na karo ya shule, na deni la dukani. Mwenye mawazo na ayaandike katika karatasi mapema jioni, pamoja na jambo moja atakalolifanya kesho, kisha aifunge karatasi hiyo. Shauri la kesho halikatwi saa tisa usiku.

Lakini kuna kuamka ambako si kwa mazoea, bali ni kwa ugonjwa. Anayeamka mara nyingi kukojoa na ana kiu daima, huenda ana kisukari. Mwanamume mzee ambaye mkojo humtoka kwa shida, huenda ana maradhi ya tezi. Anayeamka amelowa jasho, anakohoa na kukonda, apimwe kifua kikuu. Anayekoroma sana, kisha pumzi ikakatika akashtuka, naye ana maradhi yenye matibabu. Na yule aamkaye alfajiri na huzuni nzito, asiyeona furaha katika lolote, asiione haya kusema. Hao wote waende zahanati, au hospitali kubwa ya Moi iliyopo Voi. Vilevile, aliyekosa usingizi mara tatu au zaidi kwa juma, kwa miezi mitatu, asijinunulie vidonge vya usingizi dukani, amwone mganga.

Mzee wangu alinisikiliza, akacheka. “Basi nilikuwa namlinda ndovu asiyekuwapo,” akasema. Sikumwahidi kwamba atapona kwa siku mbili. Mazoea ya miaka ishirini huondoka kwa majuma. Lakini alipita tena baada ya mwezi, na hivi ndivyo alivyosema: bado huamka saa nane, husikiliza kidogo, hujigeuza, akalala. Na baiskeli yake sasa aiendesha akiwa macho.

Msimu ujao wa mahindi si mbali. Kabla haujafika, kaeni na majirani zenu mpange zamu, ili kila nyumba ipate usiku wake wa kulala. Mlinzi naye huhitaji kulindwa.