KKKT, Waswidi na ndoa za jinsia moja: nani mpambe wa nani?

Kwenye siasa zetu neno "mpambe" halihitaji maelezo. Ni yule anayembebea bosi begi, anayempigia makofi, na bosi akibadili msimamo asubuhi, yeye ameshabadili kabla ya chai. Uaminifu wake ni kwa mtu, siyo kwa hoja.

Sasa neno hilo, au maana yake, limekuwa likirushwa kwa miaka mingi ndani ya familia ya Walutheri duniani. Ishu ni mapenzi na ndoa za jinsia moja. Ulaya na Marekani wapo wanaosema maaskofu wa Afrika wanaimbishwa na wahafidhina wa Kimarekani. Huku kwetu wapo wanaosema kiongozi wa kanisa anayeendelea kukaa meza moja na Waswidi amenunuliwa na wafadhili.

Ukifuatilia matukio yenyewe, madai yote mawili yanapwaya. Twende taratibu.

Yalianzia wapi?

Mwaka wa kukumbuka ni 2009. Mwezi Mei, sheria ya Uswidi iliruhusu ndoa za jinsia moja. Agosti, Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, lilikutana Minneapolis na kuamua kwa kura 559 dhidi ya 451 kwamba watu walio kwenye uhusiano wa kudumu wa jinsia moja wanaweza kuwa wachungaji. Oktoba 22, Sinodi ya Kanisa la Uswidi ikapitisha kufungisha ndoa hizo kanisani: kura 176 za ndiyo, 62 za hapana. Novemba, Eva Brunne akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Stockholm, huku akiishi wazi na mwenza wa kike.

Kwa Mlutheri wa Bukoba, Moshi au Singida, hao siyo watu wa mbali. Askofu wa kwanza wa Kilutheri Bukoba alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, kabla ya Josiah Kibira kushika nafasi hiyo mwaka 1964. Wamisionari kutoka Marekani, Ujerumani na nchi za Skandinavia waliacha shule na hospitali ambazo hadi leo watu wanatibiwa na kusoma humo. Hospitali ya Haydom kule Manyara ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955.

Jibu la Tanzania lilikuja 2010. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lilitoa Tamko la Dodoma, likiendeleza msimamo wa tamko la Bukoba la mwaka 2004. Lilisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Likaongeza kwamba walio kwenye ndoa za jinsia moja, na wanaozitetea, hawatakaribishwa kufanya kazi KKKT. Na fedha zao? Zikakataliwa pia.

Hapo ndipo hoja ya "wamenunuliwa" inapopata shida. Mpambe hamwambii bosi abaki na hela yake.

Lakini hawakuondoka

Angalia majirani. Mwaka 2013 Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lilivunja uhusiano na Kanisa la Uswidi na ELCA. Siyo tamko tu, bali hakuna tena kushiriki meza ya Bwana pamoja. Mekane Yesus siyo kanisa dogo, leo kwa hesabu zake lina waumini zaidi ya milioni 10.

KKKT halikufika huko. Lilitoa tamko kali, likabaki mwanachama wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, LWF, ambamo Waswidi na Wamarekani nao wamo. Na huku chini, kwenye dayosisi, maisha yaliendelea. Mfano mzuri ni Iringa. Tangu miaka ya 1980 Dayosisi ya Iringa ina ushirika na sinodi ya Saint Paul, Minnesota, ambayo ni sehemu ya ELCA. Ushirika huo unaitwa Bega kwa Bega. Baada ya kura ya Minneapolis na baada ya Tamko la Dodoma, haukufa.

Je, huo ni unafiki? Mkosoaji atasema ndiyo: tamko linakataa, mkono unapokea. Lakini kuna namna nyingine ya kuusoma. Tamko linawataja watu wenye msimamo fulani, haliwakati Wamarekani wote. Na kura ya 559 kwa 451 inamaanisha kwamba hata ndani ya ukumbi ule karibu nusu walikataa. Usharika wa Minnesota unaosomesha watoto Iringa unaweza kuwa upande wowote wa kura hiyo, au umegawanyika katikati.

Hata hivyo, upole huu una gharama. Muumini wa kawaida hajui tamko linaishia wapi na ushirika unaanzia wapi. Akiuliza kanisani, mara nyingi anajibiwa kwa ujumla jumla. Na penye ukimya, mitandao inajaza.

Nani hasa anaamua?

Hiki ni kipande ambacho wengi hawakijui, na kinabadilisha picha. Kanisa la Uswidi lilitengana na dola mwaka 2000, lakini Sinodi yake bado inachaguliwa kwa uchaguzi wa wazi kila baada ya miaka minne, na kati ya makundi yanayosimamisha wagombea vimo vyama vya siasa. Social Democrats wamo. Chama cha mrengo wa kulia cha Sweden Democrats nacho kimewahi kugombea. Yaani mtu anaingia kwenye chombo kikuu cha kanisa kwa tiketi ya chama.

Kwa hiyo swali la uaminifu linaulizwa hata Stockholm. Mjumbe anapopiga kura, anaitii dhamiri yake, kanisa lake au chama kilichomweka kwenye orodha? Wakosoaji wa ndani ya Uswidi wamelalamikia mfumo huo muda mrefu. Watetezi wanasema ndiyo demokrasia: kanisa la watu linasikiliza watu.

KKKT ni tofauti kabisa. Kila dayosisi ina askofu wake, mikutano yake na marafiki wake wa nje. Mkuu wa Kanisa siyo bosi wa wote kama rais na mawaziri wake. Ndiyo maana tamko la kitaifa linaweza kuwa kali huku dayosisi ikiendelea na ushirika wake kimya kimya. Ni mfumo tu ulivyo, hakuna haja ya kutafuta njama.

Siasa inapoingia

Kwenye serikali tumeona jinsi jambo hili linavyochanganya utii. Mwishoni mwa Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka wapenzi wa jinsia moja na kuomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, siyo msimamo wa serikali. Denmark ikazuia msaada wa takriban dola milioni 10.

Mkuu wa mkoa ni mteule wa Rais. Anapoongea, raia anajuaje kama anaongea kwa niaba ya aliyemteua, au kwa niaba yake mwenyewe? Katika mfumo ambao nafasi inatoka kwa mtu mmoja, ni rahisi mteule kukimbilia kumfurahisha mkubwa, na ni rahisi pia mkubwa kumruka upepo ukibadilika.

Askofu wa Kilutheri hayupo kwenye hali hiyo. Anapigiwa kura na mkutano wa dayosisi. Hateuliwi Geneva wala Stockholm. Akisema hapana kwa ndoa za jinsia moja, hahitaji Mmarekani wa kumfundisha, kwa sababu hata waumini wake wengi wangesema hivyo hivyo. Mtu anaweza kupinga msimamo wake bila kumwita kasuku.

Kipimo kiliwekwa Dar

Swali gumu zaidi ni hili: tofauti hii ni kubwa kiasi cha kuvunja ushirika?

Mwaka 1977 Fungamano lilifanya Mkutano Mkuu Dar es Salaam. Huko Kibira alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika siyo suala la siasa tu, ni suala la imani yenyewe, na kanisa haliwezi kuwa katikati. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa mawili ya wazungu ya ukanda huo yakasimamishwa uanachama.

Kwa hiyo Walutheri wana mfano wa kumwambia ndugu "hapa hapana". Mekane Yesus wanaona ndoa imefikia kiwango hicho. Wapo Waswidi wanaoona kinyume chake: kwamba kuwabagua mashoga ndiko kunakofanana na ubaguzi ule. Fungamano lenyewe halikuchukua upande wowote. Mwaka 2007 liliyaomba makanisa yajadiliane kwa miaka mitano, na 2012 likahitimisha kwamba tofauti zipo, mazungumzo yaendelee.

KKKT linaujua mwendo huo. Lilikubali uchungaji wa wanawake mwaka 1990, na siyo dayosisi zote zilianza siku moja. Zilisubiriana. Tofauti ni kwamba safari ile wote walikuwa wanaelekea upande mmoja. Kwenye ndoa za jinsia moja hakuna dalili hiyo.

Ambao hawapo mezani

Katika mjadala wote huu, kuna watu wanaozungumziwa bila kuzungumza. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa kosa la kujamiiana "kinyume na maumbile". Mlutheri wa hapa mwenye mvuto wa jinsia moja hawezi kusimama kwenye mkutano wa dayosisi akasema lake. Anaweza kupoteza kazi, familia na uhuru.

Unaweza kukubaliana na Tamko la Dodoma neno kwa neno na bado ukauliza: huyu akija kwa mchungaji wake, anapata nini? Ushauri, au anaripotiwa? Kanisa limeeleza vizuri litakataa hela ya nani. Swali la huyu muumini halijajibiwa kwa uwazi huo.

Cha kuangalia mbele

Hesabu zinahama. KKKT lina waumini zaidi ya milioni 7 kwa takwimu za kanisa, huku Kanisa la Uswidi limeshuka chini ya milioni 6 na linaendelea kupungua. Sauti ya Afrika ndani ya Fungamano itazidi kuwa nzito. Fedha, hata hivyo, bado nyingi zinatoka Kaskazini.

Kwa hiyo ukisikia tena kiongozi akiitwa mpambe wa wazungu, jiulize mambo mawili. Nani alimchagua? Na amewahi kumwambia hapana mtu anayemlipia bili? Kwa KKKT, jibu la swali la pili lipo kwenye maandishi tangu 2010. Kilichobaki ni dayosisi kuwaeleza waumini wao, kwa lugha nyepesi, ushirika upi unaendelea, na nani, na kwa masharti gani.