Ska si ngazi ya kupandia reggae

Wapenzi wa reggae, na Afrika Mashariki tunao wengi, wana simulizi moja wanayoirudia kana kwamba ilikwisha kuthibitishwa. Ska, wanasema, ilikuwa muziki wa shangwe, wa vijana kurukaruka Jamaika ilipopata uhuru Agosti 1962. Baadaye mdundo ukapoa, besi ikawa nzito, Warasta wakaingia studio, na hapo ndipo ujumbe ukapatikana. Kwa hesabu hiyo ska ni utoto na reggae ndiyo utu uzima, na anayeng'ang'ania ska anapenda mchezo kuliko fikra. Simulizi hii ina makosa karibu katika kila hatua yake, na haiidhulumu ska peke yake. Inatuzoesha kuamini kwamba muziki wa kasi hauwezi kubeba jambo zito, na kwamba ala isiyo na mwimbaji haina la kusema.

Tazama kwanza ni akina nani walioupiga muziki huu. Don Drummond wa tromboni, Tommy McCook wa saksafoni, Johnny Moore wa tarumbeta na Lester Sterling walilelewa katika shule ya Alpha mjini Kingston, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya wavulana wa familia maskini na wale walioshindikana nyumbani. Bendi ya shule iliwafundisha kusoma nota, na jazi ikawafundisha kubuni papo kwa papo. Walipokutana mwaka 1964 na kuunda The Skatalites hawakuwa wanafunzi wanaojaribu jaribu. Walikuwa mafundi walioiva. Tega sikio kwenye rekodi zao. Besi ya Lloyd Brevett inatembea kama ya jazi, hatua kwa hatua. Gitaa na piano hazipigi pale mguu unapokanyaga. Zinapiga pale unapoinuka, kati ya pigo na pigo, na hicho ndicho kinachomfanya mchezaji ashindwe kutulia. Kisha juu ya kasi yote hiyo inaingia tromboni ya Drummond, taratibu, haina haraka, imejaa huzuni. Miguu inaambiwa icheze na moyo unaambiwa uomboleze, kwa wakati mmoja. Asiyeusikia msiba uliomo ndani ya sauti ile hawezi kusingizia kwamba muziki wenyewe ni mwepesi.

Na hao Warasta wanaodaiwa kuja baadaye walikuwepo tangu awali. Count Ossie, mpiga ngoma wa Kirasta, alikuwa na kambi yake Wareika, vilimani mashariki mwa Kingston, na Drummond, McCook na Rico Rodriguez walipanda huko kupiga naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtayarishaji wa muziki Prince Buster alimpeleka Count Ossie na wapiga ngoma wake studio kurekodi "Oh Carolina" ya Folkes Brothers. Ngoma za namna hiyo Warasta huziita nyabinghi, jina la vuguvugu la kupinga wakoloni lililotokea mpakani mwa Uganda na Rwanda, kwa hiyo sisi wa huku tulipaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo. Ieleweke pia Urasta ulimaanisha nini siku zile. Aprili 1963, baada ya watu kuuawa katika vurugu za Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi waliwasaka Warasta ovyo, wakawapiga, wakawafunga na kuwanyoa kwa nguvu. Serikali ya Jamaika iliomba radhi kwa hayo mwaka 2017. Sasa, katika nchi iliyokuwa na hofu ya namna hiyo, The Skatalites wanatoa kipande cha ala tupu na kukiita "Addis Ababa", mji mkuu wa Ethiopia ambayo Warasta huitukuza. Hakuna neno hata moja linaloimbwa, na hakuna msikilizaji wa Kingston wakati ule ambaye hakuelewa.

Basi dhana ya ska kama muziki wa likizo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitengenezwa kwa makusudi. Mwaka 1964 Jamaika ilipeleka ujumbe wa wanamuziki na wacheza dansi kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kuitangaza ska kama dansi mpya na nchi yenyewe kama mahali pa kutembelea. Bendi iliyochaguliwa ilikuwa ya Byron Lee, iliyozoea kumbi za watu wenye nafasi. The Skatalites, waliotia muziki huo roho, walibaki nyumbani. Mwaka huo huo Millie Small alifika nambari mbili Uingereza na Marekani kwa "My Boy Lollipop". Simlaumu msichana yule, sauti yake ni ya kupendeza mpaka leo. Lakini dunia ilionyeshwa upande mmoja wa muziki, ule uliomfaa mtalii, na wapenzi wa reggae wameupokea upande huo kama ndio ukweli wote.

Najua jibu linalokuja: nyimbo nyingi za ska ni za mapenzi mepesi au miziki ya filamu. Ni nyingi, ndiyo. Reggae nayo ina mafuriko ya nyimbo za mapenzi, na hakuna anayeihukumu kwa hizo. Ukitaka maneno, yapo. "Simmer Down", wimbo wa kwanza wa The Wailers, kundi la Bob Marley, kuvuma, ulitamba Jamaika mapema mwaka 1964, ukiwaonya vijana wa mitaani wapunguze hasira kabla hazijawaponza. Huo ni ska, The Skatalites ndio walioupiga, na Marley alikuwa hajatimiza miaka 20. Wanaosema ujumbe wake ulianza na reggae wanamkata mtu wao wenyewe nusu.

Hoja nzito zaidi inatoka Uingereza. Mwaka 1979, katika mji wa Coventry ulioishi kwa viwanda vya magari, Jerry Dammers na The Specials waliifufua ska wakiwa weusi na weupe jukwaa moja, na tromboni akaipiga Rico Rodriguez, yule yule wa Wareika, naye pia mwana wa Alpha. Julai 1981, ghasia zikiwaka mijini, "Ghost Town" yao ikashika nambari moja, ikieleza mji uliokufa kwa ukosefu wa kazi. Mpinzani atasema: wimbo huo ni wa polepole, kumbe walipotaka kusema zito walirudi kwenye mwendo wa reggae. Kwa wimbo huo, nakubali. Lakini miaka mitatu baadaye Dammers aliandika "Free Nelson Mandela", na humo kasi na shangwe ya tarumbeta vilirudi. Si ska tupu, una ladha ya Afrika Kusini ndani yake, ila uliingia kumi bora za Uingereza na watu waliucheza huku wakitamka jina la mfungwa aliyekuwa gerezani tangu 1962. Furaha haikuupunguzia uzito. Ndiyo iliyoufikisha kwa watu ambao hotuba isingewafikia. Na wanaokumbusha kwamba hata vijana wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi cha Uingereza, walihudhuria maonyesho ya bendi za ska, wakacheza na kuondoka na ubaguzi wao, wanasema kweli, lakini wanadai kitu ambacho hakuna muziki wowote ulioweza kukitimiza, reggae ikiwemo.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa watangazaji wetu wa vipindi vya reggae, wengi wao wakiianza historia na "Catch a Fire", albamu ya The Wailers ya mwaka 1973. Rudini nyuma hadi 1964. Msiipige "Simmer Down" kama kichekesho cha dakika tatu kabla ya mambo ya maana. Wapeni The Skatalites saa nzima, semeni Drummond alikuwa nani, waambieni wasikilizaji jina la kipande na mwaka wake, na tromboni ikianza, zimeni maikrofoni mpaka imalize.